Gari Lenye Kitanda

Ng'oa viti vya nyuma vya Noah, tandika mbao za urefu wa mtu mzima, kisha uache mlango wazi mbele ya nyumba yako asubuhi nzima. Kabla ya adhuhuri mtaa wote utajua kwamba umefiwa.

Kwetu Mbeya gari la namna hiyo lina kazi moja tu, nayo ni kumpeleka mtu kwao kwa safari ya mwisho. Fundi seremala niliyemwita aje kupima alivua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Marehemu alikuwa mrefu?" Nikamwambia futi sita kasoro. Akatikisa kichwa, akasema kazi ya Mungu haina makosa, akapunguza bei. Ilinibidi nimweleze kwamba huyo wa futi sita kasoro ni mimi, ni mzima wa afya, na kitanda ni cha kulalia likizoni, mimi na mke wangu, kando ya Ziwa Mweru kule Zambia. Akairudisha bei palepale ilipokuwa. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa ameshaleta elfu tano ya rambirambi, na tulipomrudishia alikataa kuipokea kwa sababu jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye daftari. Daftari lenyewe hatujui mpaka leo nani alilifungua.

Wazo lilitoka Uingereza. Nina binamu anaishi Reading, na kila Agosti huipakia familia yake kwenye gari lenye vitanda, jiko na sinki, wakaenda pwani ya Cornwall. Hutuletea picha: meza ya kukunja, birika la chai, bahari ya kijivu, watoto wamejifunga makoti ya mvua wakila aiskrimu. Kwa wenzetu jambo hili lina ukoo mrefu. Mwaka 1885 daktari mmoja Mskoti, William Gordon Stables, alitengenezewa behewa la kuvutwa na farasi, akaliita The Wanderer, akazunguka nalo Uingereza nzima kwa raha zake tu. Mwaka 1907 wenye mabehewa kama hayo wakaanzisha chama chao, Caravan Club. Mwaka 1950 Volkswagen wakaanza kutoa kile kibasi chao cha uso wa duara, na mafundi hawakukawia kukigeuza chumba cha kulala. Ninachokipenda katika habari za Stables ni kwamba mtu huyo aliyekwenda kupumzika barabarani alifuatana na mwendesha farasi, mtumishi aliyetangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuonya walio mbele, mbwa mkubwa, na kasuku. Mambo ya kusafiri peke yako yalishindikana tangu siku ya kwanza.

Binamu akanitumia orodha ya maandalizi. Ilikuwa na vipande vya kusawazishia magurudumu, hema la kuning'iniza ubavuni, choo cha kubebeka chenye dawa, nguo za kuogelea, na chenji ya bafu. Akasisitiza niagize nafasi mapema, maana kwao hulali popote unapotaka. Viwanja vya kuegesha hujaa miezi kabla, na maegesho mengi ya ufukweni yamewekewa chuma juu ya lango ili gari refu lisipite. Nilipomuuliza nafasi ya Nchelenge, ufukweni mwa Mweru, naiagiza kwa nani, alisema atanitafutia, na bado anatafuta. Nguo za kuogelea nilizifuta mwenyewe kwa heshima ya mamba wa Mweru. Mahali pake nikaandika chandarua, mara mbili, kwa kuwa wilaya ya Nchelenge inajulikana Zambia nzima kwa malaria. Choo cha kubebeka kilijadiliwa na mke wangu, ambaye ni mwalimu na hupenda hoja ziende kwa utaratibu. Aliuliza swali moja: kitabebwa na nani? Nacho kikafutwa.

Shida ya gari lenye nafasi ni kwamba nafasi haifichiki. Shangazi yangu, dada wa baba, anauza dagaa soko la Mwanjelwa. Amefanya biashara na wanawake wa Nakonde kwa muda mrefu kiasi cha kujua Kibemba cha sokoni, kile chenye bei nyingi na sarufi kidogo. Siku alipolisikia jina la Mweru aliacha kupepeta. Huko, akasema, ndiko wanakovua chisense, dagaa wembamba ambao amewasikia mwaka nenda mwaka rudi bila kuwaona wakianikwa. "Na nyie mnakwenda wawili, gari tupu?" Hakuomba kuja. Shangazi haombi lifti, hutoa taarifa.

Kwa kuwa viti vya nyuma vilikuwa vimebaki stoo, shangazi alisafiri amelala. Alipanda kitandani tukiwa bado hatujatoka Mbeya, akajifunika shuka jeupe mpaka usoni kwa sababu ya vumbi na baridi ya Julai, akalala usingizi wa mtu asiyeshika usukani. Kwenye kizuizi kimoja kabla ya Tunduma askari alichungulia dirishani, akasimama wima, akavua kofia. "Poleni sana, wazee wangu," akasema. "Marehemu ni nani yenu?" Kabla sijafungua kinywa sauti ikatoka ndani ya shuka: "Ni dada wa baba yake, na hajanywa chai." Askari alituruhusu tupite kwa mkono tu. Maneno yalimwishia.

Mpakani hapana la kusimulia. Kadi ya njano ya bima, pembetatu mbili, vibandiko vyeupe mbele na vyekundu nyuma, foleni ya malori mpaka upeo wa macho. Kilichotusumbua ni saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na wenyeji huzihesabu kijeshi: kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Mke wangu alibaki na saa ya Mbeya kwa ajili ya kumpigia mama yake simu, mimi nikafuata simu yangu iliyojirekebisha yenyewe, shangazi akafuata jua. Kwa hiyo chakula cha mchana tulikila kwa awamu.

Kutoka Kasama tulishika njia ya Mporokoso, na baada ya Mporokoso likaja vumbi jekundu la kuelekea Kawambwa. Watu wa kwetu wameipita nchi hii zamani kwa miguu, na si kwa likizo. Tippu Tip alipigana huku na Nsama, mtawala wa Watabwa, mwaka 1867, akaondoka na pembe za ndovu kwa wingi wa kutosha kumpa jina. Mreno Lacerda alikuja kumtembelea mfalme Kazembe kutoka upande wa Zambezi. Alifika mwaka 1798, akaugua, na Oktoba hiyohiyo akafariki. Livingstone alipofika kwa Kazembe mwishoni mwa 1867 alimkuta mzee wa pwani, Muhammad bin Saleh, ambaye alikuwa amekuja kwa biashara akazuiwa asiondoke miaka mingi. Niliyaeleza haya yote nikiendesha, ili tujue tunakokwenda wageni huwa wanachukua muda gani. Mke wangu akaniambia nitazame shimo.

Usiku wa kwanza wa kulala garini tuliufanyia Lumangwe, kwenye maporomoko ya mto Kalungwishi. Maji yanashuka kwa pazia moja pana, urefu wa zaidi ya mita thelathini, na mtu aliyeyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya atadhani ndugu yake mdogo kahamia porini akakosa wageni. Hapo pana uwanja wa kambi, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kama orodha inavyotaka, isipokuwa kitanda cha wawili kilikuwa na wanawake wawili. Mimi nilipewa kiti cha dereva. Nimejifunza kuhusu Noah jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniambia: honi yake imewekwa pale hasa kichwa cha mtu aliyesinzia kinapoangukia. Bahati nzuri Lumangwe inanguruma kuliko honi. Waliosikia ni shangazi, mke wangu, na nyani.

Kesho yake tuliteremka bonde la Luapula. Mbereshi mke wangu alitaka kusimama, kwa sababu hapo ndipo Mabel Shaw wa London Missionary Society alipoanzisha shule ya bweni ya wasichana mwaka 1915, na walimu wana namna yao ya kuhiji. Tukasimama, akahiji, tukaingia Mwansabombwe.

Mwansabombwe ni mji wa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda ambao wazee wao walitoka magharibi, kwa Mwata Yamvo, wakivuka mito na kushinda vita mpaka wakatua hapa. Ushindi huo huchezwa kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Julai, kwa sherehe ya Mutomboko. Sisi tulifika katika wiki hiyo. Nyumba za wageni zilikuwa zimejaa mpaka vibarazani, na mimi, nakiri bila haya, nilifurahi. Hili ndilo jambo ambalo kitanda kilichongewa. Watu wote wanahangaika kutafuta pa kulala na mimi napita na changu mgongoni.

Tukamwomba mama mmoja mtu mzima ruhusa ya kuegesha uani kwake, chini ya mwembe. Akapiga viganja taratibu, akasema mwaiseni mukwai, yaani karibuni, shangazi akaitikia kwa viganja vilevile, na hapo kukawa na udugu ambao sikuuelewa ulivyoanza. Kisha shangazi akaeleza kwamba wageni hawa watalala ndani ya gari. Mama akacheka. Alipoona hatucheki, akaacha. Akamuuliza shangazi kama tumegombana na mtu. Akauliza kama kuna aliyetukataza kuingia nyumba za watu, labda kwa dini au kwa mganga. Nikaona nimsaidie kuelewa, nikatoa simu, nikamwonyesha Cornwall.

Aliitazama picha kwa makini kuliko sisi tulivyowahi kuitazama. Uwanja wa majani, magari yamepangwa safu, kila moja na namba yake.

"Wanalipa?" akauliza kupitia shangazi.

Wanalipa.

"Kulala kwenye gari lao wenyewe?"

Ndiyo.

Akaweka kidole kwenye kona ya picha, mahali nilipokuwa sijawahi kupatilia maanani: nyuma ya ukuta palikuwa na nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, bomba la moshi linafuka.

"Na hii ya nani?"

Nikakisia kuwa ni ya mwenye uwanja.

"Yumo ndani?"

Kwa moshi ule, yumo.

Mama akanirudishia simu, akawageukia wajukuu, akawaamuru watoe godoro la chumbani kwake lipigwe jua.

Nilijitetea. Nilimwambia tuna kitanda kizuri, kipya, cha seremala. Akaja kukitazama. Alikibonyeza kwa kiganja, akainama kuangalia miguu, akapapasa mbao kama mnunuzi. Akakubali kwamba ni kitanda kizuri sana. Na kwa kuwa ni kizuri, akasema, kisilale bure, watalala watoto. Hukumu ikapita hivyo. Mimi na mke wangu tulipewa chumba chake na kitanda chake cha chuma, yeye na shangazi wakalala chumba cha pili wakiongea mpaka jogoo la kwanza, na watoto wa nyumba ile wakahamia kwenye Noah. Sikuwahesabu. Naweza kusema tu kwamba usiku walikuwa wengi kuliko mchana, na kwamba honi wao waliigundua mapema kuliko nilivyoigundua mimi. Ililia usiku kucha. Kila ilipolia mbwa wa Mwansabombwe waliitikia, na mama, upande wa pili wa ukuta, alicheka.

Asubuhi hawakutaka kutoka. Uji uliliwa humohumo. Chandarua cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuwa wavu, mdogo wao kabisa akiwa ndiye samaki.

Mutomboko yenyewe siwezi kuifunga kwenye aya. Mwata alipita juu ya mabega ya watu akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kubebwa, amevaa mukonso, vazi pana la kiunoni lenye marinda mengi, ngoma zikimtangulia na mondo, ngoma ya gogo inayosema, ikitangaza sifa ambazo wanaoielewa walizipokea kwa vifijo na tusioielewa tukazipokea kwa kuwaiga. Vumbi lilipanda mpaka miavuli ikabadilika rangi. Baadaye akateremka uwanjani, upanga mkono mmoja na shoka mkono wa pili, akacheza peke yake, na maelfu ya watu wakanyamaza kumtazama miguu. Shangazi, ambaye naye alikuwa amebebwa amelala tangu Mbeya, alimwangalia kwa jicho la mtu amwonaye mwenzake. "Huyo ndiye anajua kusafiri," akasema.

Tulipoaga tulipewa mihogo, chupa ya kinywaji cha munkoyo na jogoo hai. Kumkataa jogoo hakukuwa katika uwezo wetu. Stables alikuwa na kasuku wake.

Ziwa lilikuwa kaskazini, mwendo mfupi, na nilikuwa bado sijakata tamaa na orodha. Mweru ni kubwa, kiasi cha kilomita za mraba elfu tano, sehemu ya Zambia na sehemu ya Kongo. Luapula inaingia kusini, Luvua inatokea kaskazini kuitafuta Lualaba, na jua linachwa juu ya Kongo, ng'ambo. Nilitaka jioni moja tu: gari kwenye mchanga, meza ya kukunja, chai, kimya. Nikateremsha Noah ufukweni karibu na Kashikishi, na magurudumu yakazama mpaka kwenye ringi. Angalau tulikuwa tumesawazika, bila vile vipande vya binamu. Tukakunjua meza.

Watu wakaja kututazama tukinywa chai. Hawakuwa na ubaya wowote. Walikaa mchangani kwa adabu kama watu walioambiwa kwamba kuna jambo litafuata. Mmoja alituletea viti akihofu kwamba tumekosa. Simu yangu, ikiwa kwenye mchanga wa Zambia, ikapokea ujumbe wa kunikaribisha Kongo. Kisha akaja mama mfanyabiashara na beseni kichwani, akatusikia tukiongea, akashusha beseni. "Muko batu ba wapi?" akauliza. Shangazi alikaribia kulia kwa furaha. Tangu tuvuke mpaka hakuwa amepatana bei kwa Kiswahili. Mama akasema yeye ni wa Kilwa. Shangazi akauliza Kilwa gani, Kivinje au Masoko? Mama akaonyesha ziwani. Kiko kisiwa cha Kilwa pale Mweru, karibu kabisa na pwani ya Nchelenge, ingawa ni mali ya Kongo, lakini shangazi aliamua kwamba mkono umeelekezwa kusini mwa Tanzania, akamuulizia habari za Lindi. Walizungumza muda mrefu wakiridhika sana, kila mmoja na Kilwa yake, mpaka wakafika kwenye bei ya chisense, ambapo walielewana mara moja.

Usiku wavuvi wakawasha taa. Chisense huvuliwa kwa mwanga, na usiku usio na mwezi ziwa lote hujaa nukta za moto mpaka hujui mji uko upande gani. Mke wangu nami tulitazama. Shangazi alikuwa akihesabu mitumbwi. Alfajiri alikuwa majini mpaka magotini akigombea bei, na ubishi ulikuwa juu ya kipimo, kwa kuwa wao hupima kwa meda na yeye amezaliwa na kisado. Alimwaga meda kwenye kisado chake, akarudisha, akamwaga tena, umati wa jana yake ukarudi kutazama, na safari hii uliona kitu. Wavuvi walewale wakatusukuma Noah kutoka mchangani. Walikataa malipo; walisema mama amekwisha kununua.

Alikuwa amenunua magunia. Dagaa walikaushwa wakakauka, na kitanda cha futi sita kasoro kilipokea magunia kwa urefu na kwa upana, jogoo juu yake, na shangazi juu ya yote akiwa amejifunika shuka lake jeupe. Vibali alivishughulikia mwenyewe. Foleni inaanzia dirisha lipi, analijua yeye. Kwenye kile kizuizi cha kabla ya Tunduma askari hakuvua kofia. Alikuwa amekwisha kurudi hatua tatu kabla sijashusha kioo, mkono puani, akatupungia tupite kwa haraka ya kutosha.

Faida ya dagaa imelipa mafuta, seremala na chandarua, ikabaki. Noah bado inanuka, na mtaa umeacha kuleta rambirambi. Shangazi ameshapanga safari ijayo, na haipangi kwa likizo za shule wala kwa Mutomboko bali kwa giza la mwezi, maana mbalamwezi huwaharibia wavuvi kazi. Desemba mpaka Februari hakuna kwenda, uvuvi hufungwa samaki wazaane, hivyo niwe tayari Machi. Kitanda kitolewe, kinakula nafasi ya magunia mawili. Nikamuuliza basi sisi tutalala wapi.

Alinishangaa. "Kwani yule mama kahama?"